Mwangwi na Kina: Maoni juu ya Madoido ya Sauti katika Upigaji wa Singeli

Nia ya makala haya ni kuhakiki jambo ambalo baadhi ya wasomaji wa jarida hili wataliona dogo, na wengine wataliona halistahili kuwamo kabisa: namna wapigaji wa singeli, hasa wale ambao wangali wanajifunza, wanavyotumia madoido ya sauti. Kwa madoido nakusudia mageuzi ambayo mpigaji huutia muziki uliokwisha kurekodiwa, au sauti ya mghani aliye mbele ya kipaza sauti, kwa kubonyeza au kuzungusha kitufe cha mashine yake. Yako mwangwi, ambao vijana huuita eko. Uko mvumo wa ukumbi, yaani riveba. Uko uchujaji wa sauti nene na nyembamba. Na uko ukariri wa kipande kifupi. Mashine zina mengine mengi, lakini haya manne yatosha, na kwa kweli ni lile la kwanza ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua nitakavyojibiwa. Yasemwa kwamba singeli ni kelele, kwamba maneno yake hayasikiki na yakisikika hayafai, na kwa hiyo mwanafunzi wa lugha hana kazi nayo. Hoja hii yaanguka yenyewe. Ikiwa maneno hayasikiki, aliyeyahukumu kuwa hayafai aliyasikia wapi? Na ikiwa yasikika, yana haki ya kuhakikiwa kama maneno mengine yoyote ya Kiswahili yaliyopangwa kwa vina. Swali lipasalo kuulizwa kwanza ni kwa nini aghalabu hayasikiki. Wengi watasema ni kwa sababu ya mwendo wa mbio. Mimi nimefikia kuamini kwamba mara nyingi kosa si la mbio, ni la mwangwi.

Naishi Wazo, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, katika wilaya ya Kinondoni, karibu na kilima ambacho mawe yake ya chokaa yamekuwa yakisagwa kuwa saruji tangu mwaka 1966. Mtu akaaye huku hujifunza mapema kutofautisha kelele na kelele, maana malori hupita mchana na maspika huamka usiku. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amekuwa akikaa kwangu kwa mwaka wa pili sasa. Mchana hufanya kibarua, na usiku hujifunza kupiga muziki kwa kompyuta aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na kwa masomo ayatazamayo katika simu. Mengi ya masomo hayo yametolewa na wapigaji wa Uingereza, nayo yahusu muziki wao uitwao drum and bass, ambao katika makala haya nitauita ngoma na besi. Aliuchagua kwa sababu ya mbio zake. Aliona kwamba watu waliozoea kuchanganya nyimbo kwa kasi hiyo ndio pekee wawezao kumfundisha mtu wa singeli, na katika hilo hakukosea sana.

Mwaka jana alialikwa kupiga katika mkesha wa arusi mtaani kwetu. Mghani alikuwa kijana mwenye sauti kavu na ulimi mwepesi, stadi wa kutaja watu. Usiku ulipokolea, shangazi wa bwana arusi alitoka kutunza. Aliingia uwanjani kwa madaha, noti mkononi, na mghani akamtungia papo hapo beti la kumsifu, akaliishia kwa jina lake na la marehemu mumewe. Mpwa wangu akaona hapo ndipo pa kuonyesha alichojifunza. Aliuachia mwangwi ukafunika kila kitu. Jina la mama yule likapotea katikati ya vipande vyake lenyewe, na la mumewe halikusikika hata kidogo. Vijana walishangilia kwa kelele kubwa. Shangazi alisimama akingoja, kama mtu angojaye chenji yake, kisha akarudi kitini, na asubuhi habari ikafika kwangu kwamba pesa zake zimeliwa na mashine.

Nilipomwuliza mpwa wangu, alinijibu kwa adabu: "Lakini mjomba, si uliwasikia walivyoshangilia?" Nikamwambia kwamba walioshangilia hawakutoa kitu. Jibu hilo lilikuwa jepesi mno, na baadaye nililionea haya, maana hakutaka kuambiwa nani ametoa pesa. Alitaka kuambiwa kosa liko wapi. Kwa muda mrefu sikuweza kumwonyesha, na yafuatayo ni matokeo ya kujaribu.

Kwanza yafaa tuseme machache juu ya aina hizi mbili za muziki. Singeli ilikua katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati, katika sherehe za usiku ziitwazo vigodoro. Wapigaji walichukua vipande vifupi vya ala kutoka nyimbo za taarabu ya kisasa, pale waimbaji waliponyamaza na kinanda kikaachwa kicheze peke yake, wakavizungusha bila kukoma na kuviongeza mwendo, na mghani akaghani juu yake. Nyuma yake uko mchiriku, wenye vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vichakavu ambavyo mkoromo wake ulipendwa kama sehemu ya ladha. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba madoido ni jambo geni lililoletwa na kompyuta. Leo singeli hupigwa kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Msaga Sumu na Man Fongo ni miongoni mwa walioifikisha katika masikio ya watu wasiokwenda vigodoroni, na mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotengenezwa katika studio ya Sisso huko Mburahati, ambao ulilipeleka jina la singeli mbali kuliko mtu yeyote wa Mburahati alivyotazamia.

Ngoma na besi ilitokea Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo huenda kwa mapigo 170 hadi 175 hivi. Niliisikia kwa mara ya kwanza nilipokuwa huko nikisomea shahada ya udaktari, kupitia ukutani, kwa jirani ambaye hakulala kabla ya saa tisa ya usiku. Nyingi za ngoma zake za awali zilikatwa kutoka kipande cha sekunde saba hivi katika wimbo "Amen, Brother" wa kundi la The Winstons la Marekani, uliotolewa mwaka 1969. Kipande hicho kiliongezwa mwendo na kupangwa upya, kama vile kinanda cha taarabu kilivyofanywa kwetu. Mpiga ngoma wake, Gregory Coleman, alifariki mwaka 2006 bila kulipwa kwa matumizi hayo yote. Wapiga vinanda wa taarabu, ambao vidole vyao husikika Wazo kila Jumamosi, wangekuwa na haki ya kuuliza swali juu ya jambo hilo. Lakini hilo ni la makala mengine.

Basi masomo ya ngoma na besi humwambia mwanafunzi nini juu ya madoido? Nimeyasikiliza kadha wa kadha pamoja na mpwa wangu, na lazima nikiri kwamba yamejaa akili. Humwambia ahesabu. Nyimbo za aina hiyo hujengwa kwa mafungu ya vipimo 16 au 32, kila kipimo kikiwa na mapigo manne. Kwa mwendo wa mapigo 174, fungu la vipimo 32 huchukua sekunde 44. Doido litiwe mwishoni mwa fungu, lisitiwe katikati, kwa sababu kazi yake ni kumwambia mchezaji kwamba mlango unafungwa na mwingine unafunguliwa. Tena humwonya asiache besi za nyimbo mbili zikalia pamoja: auingize wimbo mpya ukiwa umechujwa sauti nene, kisha kwa pigo moja aikate besi ya ule wa zamani na kuifungua ya huu mpya. Hapa wahenga wetu walikwisha sema juu ya mafahali wawili na zizi moja. Na humwonya zaidi ya yote kwamba doido lililotumiwa kila mara si doido tena, limekuwa hali ya hewa.

Mafunzo haya ni ya kweli mahali pake. Mpwa wangu aliyashika yote. Usiku ule wa mkesha alihesabu vipimo vyake barabara, na mwangwi wake ulikuja mwishoni mwa fungu la kumi na sita kama alivyofundishwa. Hilo ndilo lililonitatiza: mwanafunzi mtiifu alifuata kanuni sahihi akafika pabaya.

Sababu ni kwamba katika ngoma na besi fungu ni la muziki wenyewe. Mtunzi amekwisha kulipanga, na sauti ya mtu, ikiwako, mara nyingi ni kipambo. Katika singeli ya mkeshani kipande kizungushwacho ni kifupi mno, na hurudi na kurudi bila kuwa na mwisho wake. Anayetoa mwisho ni mghani. Yeye ndiye hufungua beti na kulifunga, naye hulifunga mahali maana yake na pumzi yake zinapokutana. Huweza kuwa baada ya vipimo vinne, au sita, au saba na nusu ikiwa aliyetoka kutunza ana majina marefu. Kwa hiyo mpigaji ahesabuye vipimo huku hamsikilizi mghani, ni sawa na mpiga chapa atiaye nukta kila baada ya maneno kumi, hata kama sentensi haijakwisha.

Lakini hata pale hesabu ya mpigaji na beti la mghani zinapofika pamoja, kama zilivyofika usiku ule, bado jina lilipotea. Hapa ndipo elimu ya sauti za lugha yaweza kutusaidia, na namwomba msomaji asiyependa hesabu anivumilie kidogo.

Kwa mwendo wa mapigo 200, kila pigo huchukua milisekunde 300. Mghani akitia silabi mbili katika pigo moja, kama afanyavyo mara nyingi, kila silabi ina milisekunde 150. Sasa, mashine za leo huupima mwangwi zenyewe ili ulingane na mapigo, na mwanafunzi akiuweka kwenye nusu ya pigo, kipimo kipendwacho na wengi, kila silabi itarudi baada ya milisekunde 150. Yaani itarudi wakati ule ule silabi ya pili inapotoka kinywani. Haitaangukia kandokando yake. Itaangukia juu yake. Kadiri mashine inavyopima kwa uaminifu, ndivyo neno linavyofunikwa kwa ukamilifu. Kwa ngoma jambo hili ni zuri, maana pigo juu ya pigo hukazana. Kwa maneno ni msiba. Mtu akiuweka mwangwi kwenye robo tatu ya pigo, utarudi baada ya milisekunde 225, ukaanguka katikati ya silabi na silabi, na neno litapumua zaidi kidogo. Akiuweka chini ya milisekunde 30 hivi, sikio halitausikia kama mwangwi kabisa, litaona tu kwamba sauti imenenepa. Hizi si siri za mabingwa. Ni hesabu ya darasa la tano, na sijaona mwanafunzi aliyeonyeshwa.

Tuendelee. Kiswahili kinaweka mzigo wake mkubwa wa maana mwanzoni mwa kitenzi. Nafsi, wakati, ukanushi, vyote hukaa mbele ya mzizi. Fikiri juu ya "atakuja" na "hatakuja". Ahadi na ukosefu wa ahadi vimetenganishwa na pumzi moja hafifu, sauti ya h, ambayo hata chumbani pasipo muziki huweza kumponyoka msikilizaji. Mkia wa mwangwi uliotoka katika neno lililotangulia hukalia mahali hapo hapo. Nimewahi kusimama katika uwanja hapa Wazo nisijue kama mghani anasema mpenzi wake amerudi au hakurudi, na jirani yangu, asiye na shahada yoyote, naye hakujua, ijapokuwa alicheza kwa furaha kama aliyejua.

Walakini lugha hii hii humpa mpigaji zawadi ambayo Kiingereza hakimpi mwenzake wa London. Maneno yetu huishia kwa irabu, na watunzi wetu tangu zamani wameifanya silabi ya mwisho kuwa kina. Mghani wa singeli mara nyingi hashiki mizani kumi na sita, lakini vina huvishika kwa wivu. Basi silabi ya kina ina sifa tatu kwa wakati mmoja. Ni wazi, kwa hiyo hurudi kwa utamu. Imekwisha tazamiwa na msikilizaji, kwa hiyo kurudi kwake hakumchanganyi. Na baada yake mghani huvuta pumzi, kwa hiyo hakuna neno la kufunikwa. Mwangwi una mahali pamoja tu katika beti la singeli, nao ni juu ya kina cha mwisho, ukifunguliwa silabi hiyo inapoanza na kufungwa kabla ya silabi ya kwanza ya beti lifuatalo. Msomaji aseme "nyumbani" na kuirudisha "ni" mara nne kwa sauti inayofifia, ataona kwamba hakuna kilichopotea na kitu kimeongezeka. Kisha arudishe neno zima, "nyumbani, nyumbani", juu ya maneno yafuatayo, ataona nilichokiona mkeshani.

Jina la mtu ni jambo la pekee. Latoka katika sheria hii ijapokuwa huwekwa mwishoni, kwa sababu msikilizaji hakulitazamia, na mwenyewe amelinunua. Katika taarabu desturi ya kutunza ina adabu zake, na singeli imeirithi pamoja na kinanda. Jina lisemwe likiwa kavu. Ikibidi doido, mpigaji azikate ngoma kwa pigo moja au mawili jina litoke peke yake katika ukimya, na baada ya hapo afanye atakavyo.

Huenda mtu akanikumbusha juu ya King Tubby, fundi wa umeme wa Kingston, Jamaika, ambaye katika miaka ya 1970 alikaa nyumbani kwake Waterhouse akazichukua nyimbo za wenzake na kuziacha maneno mawili matatu tu, yakielea katika mwangwi. Ni kweli, na kutoka kwake na wenziwe mwangwi ulisafiri na wahamiaji hadi Uingereza, ukaingia katika ngoma na besi, na kwa masomo ya simu umefika Wazo. Lakini tazama alichokifanya. Hakuufunika usemi, aliuondoa. Alilitoa beti zima, akaacha kipande chake cha mwisho kirudi mahali patupu, na wasikilizaji wake walikuwa wakiujua wimbo kamili tangu zamani, wakalijaza pengo wenyewe. Mghani wa mkeshani anatunga papo hapo. Beti lake halijawahi kusikiwa na mtu, na likipotea halina nakala.

Juu ya uchujaji sina mengi. Mpigaji anapozikata sauti nyembamba na kuacha nene, muziki husikika kama unatoka nyumba ya tatu, na unaporudishwa wote kwa ghafula, uwanja huinuka. Nalipenda doido hili, na katika ala tupu mwanafunzi alitumie. Ila ajue kwamba sauti za s, sh, ch na t hukaa juu kabisa, na kichujio huzifagia kwanza. Chini yake "saka", "shaka", "chaka" na "taka" huwa karibu neno moja. Basi akichuja muziki, asimchuje mghani pamoja nao. Mashine nyingi zina njia mbalimbali kwa kila kimoja, na uvivu ndio huzipitisha zote katika tundu moja. Mvumo wa ukumbi nao nauona hauna kazi katika uwanja wa wazi wenye kuta za matofali pande tatu, kwa kuwa kuta zimekwisha kuufanya bure.

Ukariri ni jambo zito zaidi. Hapa mpigaji hukamata kipande, hukirudia, kisha hukifupisha kwa nusu, na nusu tena, hata kikawa mlio mmoja kama cherehani. Wanaojifunza hulipenda kwa sababu ni rahisi na huleta shangwe. Wako wataalamu wa lugha watakaosema kwamba kukatakata neno hivyo ni kulidhalilisha. Mimi sikubaliani nao. Kiswahili chenyewe hukariri: twasema polepole, vivi hivi, pigapiga, na maana hubadilika kwa kukariri. Mpigaji akamataye neno zima "pole" na kulirudia hafanyi ila jambo ambalo lugha hufanya. Akamataye nusu yake, "po, po, po", ameiacha lugha na kuingia katika ngoma, na hilo pia ni halali mradi mghani awe amemaliza. Kosa ni kukata katikati ya neno linaloendelea kusemwa.

Sasa nije kwa sahani zenyewe, kwa maana vijana hawajifunzi kwa masomo tu, hujifunza kwa kuiga. Sahani za singeli zilizotolewa kwa ajili ya wasikilizaji wa mbali zimeleta jambo la ajabu. Huko Ulaya zimependwa na watu wasiojua neno moja la Kiswahili, ambao kwao sauti ya mghani ni mlio kama milio mingine. Siwalaumu; hata mimi nimependa nyimbo za lugha nisizozijua. Lakini sifa hizo zimerudi mitaani kwetu, na mwanafunzi wa Wazo huanza kufikiri kwamba singeli bora ni ile ambayo maneno yamezama. Hivyo sikio la mgeni humfundisha mwenyeji kutojisikiliza.

Isidhaniwe kwamba nazilaumu sahani zote kwa pamoja. Mr Mixondo ya DJ Travella, ya mwaka 2022, ni kazi ya ala. Haituahidi beti, kwa hiyo haivunji ahadi, na fujo zake zote za kukata na kugeuza zimo katika nyumba yake yenyewe. Ningempa mwanafunzi aisikilize kwa wiki nzima, kisha ningemkataza kuiiga siku ya arusi. Katika Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko, ya mwaka 2024, kinanda hukalia kiti ambacho mkeshani hukaliwa na mghani, na huhitaji kusikilizwa kwa heshima ile ile. Kwa mwanafunzi anayefanya kazi na mghani nachagua Uingizaji Hewa ya Duke, ya mwaka 2019, ambamo waghani wamo. Jina lake pekee lingetosha kuwa somo. Mbio ni zile zile, na msikilizaji wa mara ya kwanza atadhani hakuna nafasi ya kupitisha hata sindano. Arudie, na safari hii afuate pumzi za mghani badala ya ngoma, ataona madirisha yalipo.

Nililobakiza ni kusema kwamba nadharia yangu ilipofikishwa kwa wenye kazi haikupokewa kama ilivyo. Mghani yule wa mkeshani, nilipomweleza juu ya kina, alicheka akasema kwamba yeye mwenyewe hubadilisha kina akiona watu wamekizoea, na kwamba mpigaji akitazamia kina daima atachelewa. Alikuwa na haki. Mpwa wangu akasema kwamba mimi namtaka asikilize maneno wakati mikono yake inafanya kazi nne, na huyu naye alikuwa na haki. Walipatana wenyewe bila mimi. Mghani akitaka mwangwi huinua mkono wa kushoto silabi moja kabla ya kina, na asipoinua, kitufe hakiguswi. Mpwa wangu amekibandikia kipande cha gundi ya karatasi ili kidole kikumbuke. Walipiga tena mwezi uliopita, nyuma ya soko, katika sherehe ya kumtoa mwali. Nilikaa karibu nao nikahesabu. Mkono uliinuliwa mara nne usiku mzima, na mara ya nne kidole kilichelewa.